Kahawa Iliyonifukuza kwa Daktari Bukoba

Muleba nzima, damu aliyoiomba Bwana Daktari wa Bukoba ni yangu tu.

Ndiyo maana nabandika karatasi hii mlangoni pa stoo ya kahawa. Leo nimedharauliwa.

Miguu imenivimba. Daktari huchoma watu sindano ya rangi nyekundu, ambayo chembe zake hujipanga zenyewe na kung'ang'ania protini mbovu mwilini, kisha huchukua damu apime rangi iliyobaki.

Msaidizi wake, mtu wa Kibeta, akaniuliza, "Tata, mzee wangu, unatafuna nini?"

"Kahawa kavu ya kutafuna. Mgeni hakatai kahawa ya mwenyeji."

"Tulisema tumbo tupu. Nenda, urudi mwezi ujao."

Mbele ya akina mama wa Kashai waliopanga foleni, jamani. Na miguu hii ingoje mwezi mzima?

Ninyi mngevumilia?

Ila hakuna mwenyeji aliyenipa kahawa. Niliitoa mfukoni mwangu nilipoiona sindano.