Mwache Ajibu Mwenyewe

Namshukuru Mungu Baba, aliyeniamsha tena leo hapa Dutwa nikiwa na macho ya kuona na mume wa kumsalimia. Sifa zote ni zake, maana haya ninayosimulia nisingeyaweza kwa nguvu zangu.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa bado mke kijana, Shangazi Nkwimba alikuja kwetu kutoka Bukundi. Alikuwa dada wa marehemu baba mkwe wangu, na katika ukoo hakuna aliyethubutu kumbishia. Mume wangu, Maduhu, alikuwa ametoka hospitali miezi michache nyuma. Alianguka kutoka juu ya lori la pamba, akajigonga kichwa barabarani. Mungu alimwachia uhai, lakini mkono wa kushoto ulibaki mzito, na maneno yalimjia polepole, kama ndoo inayovutwa kutoka kisima kirefu. Hasira nazo zilikuwa karibu. Siku nyingine alirusha kikombe, kisha akalia.

Nilimpenda, ndiyo maana nilimfanyia kila kitu. Nilimlisha, nilimfunga vifungo vya shati, na mtu akimsalimia nilijibu mimi ili asione aibu. Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali alituambia tumwache ajaribu, tumuulize jambo moja moja, tusubiri. Nilimsikia, lakini moyoni niliona ni ukatili.

Siku hiyo ndugu walikuwa wamekutana, na shangazi naye alikuwa ameitwa. Mvua zilikaribia, na shemeji yangu Limbu alitaka kuwachukua maksai wa kulimia wa Maduhu, awapeleke kwake Lagangabilili. Hakuwa mtu mbaya. "Kaka hawezi tena kuamua," alisema. "Tumpumzishe tu." Lakini bila maksai wale, mwanangu, Maduhu angebaki kama mgeni katika mji wake mwenyewe. Naye alikaa pale pale katikati yetu, akitazama miguu yake.

Ndipo shangazi akaingia, vumbi la basi likiwa bado kwenye khanga yake.

"Mwangaluka, Maduhu!" Ndiyo salamu yetu Wasukuma ya asubuhi.

"Mwangaluka, shangazi," nikajibu haraka. "Mhola duhu, anaendelea vizuri."

Akanigeukia. "Wewe mkwe, umeanza kuitwa Maduhu tangu lini?"

Watu wakacheka. Mimi nikainama.

Limbu akamletea kigoda, akakikataa kwa mkono. Hakutaka kukaa kabla salamu yake haijajibiwa na aliyesalimiwa, na alionekana yuko tayari kusimama hapo mpaka jioni. Chai ikapoa. Kuku wakapita katikati yetu. Limbu akafungua kinywa, shangazi akamtazama, akakifunga. Nilitamani kumsaidia mume wangu mpaka nikauma mdomo.

"Mwa... mwangaluka," Maduhu akasema. Kisha, baada ya muda mrefu, "Ka... kaa, shangazi. Umechoka."

Akakaa. Akafuta macho kwa ncha ya khanga, akauliza taratibu, "Maduhu, maksai waende kwa Limbu?"

Tukangoja tena.

"Hapana," akasema. "Nitalima."

"Kumbe anatusikia!" Limbu akashangaa.

"Aliyekwambia aliumia masikio ni nani?" shangazi akamuuliza. "Mvua ikinyesha, wewe utashika plau, yeye atawaongoza maksai mbele. Na Jumapili mkeo awe anakuja kukaa hapa, huyu mkwe aende kanisani, akirudi alale. Huoni alivyokonda?"

Na ikawa hivyo. Maduhu aliwaongoza maksai kwa kamba, kwa mkono wake wa kulia. Matuta ya msimu ule yalipinda vibaya. Limbu alilalamika kwa kaka yake, na kaka yake akamcheka. Nilisimama na jembe langu kusikiliza, kwa sababu sikuwa nimemsikia akicheka tangu alipoanguka.

Sitakudanganya kwamba alirudi kuwa kama zamani. Hadi leo jua likiwa kali kichwa kinamuuma, kelele zinamchosha, na majina ya wajukuu anayachanganya. Lakini kwetu yeye ndiye anayeombea chakula. Maneno yanakuja moja moja, ugali unapoa, wajukuu wamefumba macho, na hakuna anayemmalizia.

Basi, mwanangu, kama umemrudisha nyumbani mtu wako aliyeumia kichwa, usiache kumpeleka kliniki, na mazoezi aliyopewa ayafanye hata siku amenuna. Muulize kwa maneno machache, kisha nyamaza. Kifungo anachoweza kukifunga, akifunge mwenyewe, hata kama ibada itaanza mkiwa bado njiani. Akikukasirikia, usidhani amekuchukia. Kichwa kilichoumia huchoka upesi. Nawe usibebe mzigo huu peke yako ukauita upendo, kama nilivyofanya mimi. Waite ndugu, waambie wazi unachohitaji. Na popote mambo yake yanapoamuliwa, awepo, aulizwe, asubiriwe.

Mungu aliyetuvumilia sisi sote akupe uvumilivu wake, wewe unayesoma haya. Aibariki mikono yako inayohudumia, na usingizi wako mfupi aufanye ukutoshe. Na siku neno lako nawe litakapochelewa kutoka, akujalie mtu wa kukungojea. Amina.