Mkono wa Mwalimu Wetu wa Ngoma

Waliomfunga mkono mwalimu wetu ni watatu, na nitawataja: nesi mkuu, mtoto wa kumzaa wa mwalimu mwenyewe, na mimi. Majina siandiki, lakini wenyewe tunajijua.

Mwalimu alitoka Gine, Afrika Magharibi. Miaka mingi alitufundisha kucheza ngoma za kwao katika chumba cha chini cha kanisa moja huku ughaibuni, mtaa wa Flemingdon Park, sisi akina mama wa Kongo na Burundi, na Wazungu wachache waliokuja na chupa zao za maji. Mimi nilikokotwa na jirani. Nilikuwa nimetoka vitani. Kitu kikilia pa! nalala chini. Siku ya kwanza alipopiga ile ngoma yake ya djembe, nililala kweli, sakafuni, mbele za watu. Hakucheka. Alinikalisha karibu, akakiweka kiganja changu kwenye mti wa ngoma, akapiga taratibu mpaka mwili wangu ukakubali kwamba hii ni ngozi ya mbuzi tu. Madaktari wawili wa hapa kazi hiyo iliwashinda.

Hakuwa mtu wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Alikuwa na mwito: mapigo machache makali, na yakikatika tu unabadilisha hatua. Usipobadilisha anaupiga tena. Na tena. Hasogei mbele mpaka wa mwisho aitikie.

"Wewe mama wa kitenge chekundu!" anakupigia kelele kwa Kifaransa chake. "Unangoja basi la Eglinton? Nimekuita!"

"Nimechoka, Mwalimu."

"Itika kwanza, ndiyo uchoke."

Halafu kiharusi kikamkamata. Nilikuja kumkuta katika nyumba ya wazee huku Scarborough, mahali ninapofanya kazi ya kuogesha na kulisha. Mdomo umekwenda upande, neno halitoki, upande wa kushoto umelegea wote. Kilichobaki kizima ni mkono wa kulia.

Na mkono huo, kuanzia asubuhi, unagonga meza ya chakula. Wazee wenzake wananung'unika. Mimi niliposikia, nililiweka beseni la maji chini. Ulikuwa mwito. Anaupiga, ananyamaza, anatazama mlango, anaupiga tena. Alikuwa anaita na hakuna aliyebadilisha hatua.

Siku moja nilifunga mlango nikaitikia. Hatua zilezile, na viatu vyangu vya kazi, goti likinilalamikia. Mkono ukatulia juu ya meza. Akalala usingizi wa mtu aliyemaliza darasa.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Kila tukimaliza zamu tunajaza fomu. Kuna kisanduku cha "ametulia" na kisanduku cha "anasumbua kwa kugonga", na chini yake mistari ya kuandika maelezo. Kiingereza changu cha kuandika kinaishia kwenye jina langu na tarehe. Ningeanzia wapi kueleza mambo ya mwito? Si amegonga? Basi nikatia alama: anasumbua kwa kugonga. Siku baada ya siku, kwa uaminifu kabisa, nikidhani nasema kweli.

Nesi mkuu, ambaye anapenda ukimya kuliko anavyopenda wagonjwa, alizikusanya alama zangu, akatoka na dawa ya kutuliza na glavu nene ya kufungwa kwenye kifundo cha mkono, asigonge tena. Mtoto wa mwalimu akaitwa kuja kusaini kibali. Nilimkimbilia kwenye korido.

"Mwanangu, baba hasumbui. Anaita. Akiitikiwa ananyamaza."

Kifaransa changu alikisikia, akanijibu kwa Kiingereza. "Mama, baba amegonga vitu tangu nizaliwe. Meza, usukani, kichwa changu mimi. Mwache apumzike."

"Njoo uone tu. Dakika mbili."

"Wewe ni daktari?"

Nesi mkuu akaninyooshea karatasi. "Hii si sahihi yako? Kila siku umeweka kwamba anasumbua."

Niliitazama. Sahihi yangu, na alama zangu zimepangana vizuri kama za mtoto wa shule.

"Ni yangu," nikasema.

Kijana akasaini palepale, amesimama, karatasi ameiegemeza ukutani.

Siku hizi hagongi. Kwenye fomu natia alama kile kisanduku kingine, na nesi mkuu ameshaniambia nafanya kazi nzuri. Juzi mchana, nikimlisha uji, nilijaribu kumpigia mwito kwa kijiko pembeni ya bakuli. Haukuja. Miaka yote ile nilijifunza kuitikia. Kuita ilikuwa kazi yake. Nilijaribu mara tatu, zote ovyo. Zamani angenifokea mpaka kanisa zima lisikie. Alinitazama kwa macho yake mazito ya dawa, akaona kijiko, akafungua mdomo apokee uji.