Mawe ya Redio Yaliyotembea Mihogoni

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kibanda cha chai pale Malaba, nikingoja malori yapungue nivuke barabara, mara gitaa likalia. Lile gitaa la muziki wa kantri linaloburuta sauti kama mgeni asiyetaka kuondoka. Mwenye kibanda akaniambia, "Hiyo ni stesheni yetu, mzee. Inapiga kantri kutwa." Kutwa! Chai yangu ilipoa, rafiki yangu, kwa maana nilikuwa nimesharudi Amukura, miaka ya sabini, uani kwa nyanya.

Siku hizo kantri tuliipata saa moja tu kwa wiki, Jumapili alasiri baada ya kanisa, nayo ilitoka mbali, Nairobi. Nyanya alikuwa na redio aliyoishonea vazi la kitambaa. Majirani walikuja na vigoda vyao, yeye akatoa njugu za kuchemsha, tukaanza. Kiingereza hatukukijua vizuri, hivyo kila mtu aliueleza wimbo alivyopenda. Jirani yetu, mama mfinyanzi, alisikiliza kile kilio kisha akatoa hukumu: "Huyu mzungu ameibiwa ng'ombe."

"Wapi! Ng'ombe wako," nyanya alimjibu. "Ni bibi yake amemwacha."

Tulicheka mpaka njugu zikamwagika.

Redio ile ilikula betri, nasi betri tuliziita mawe. Mawe yakichoka yalianikwa juu ya bati kama omena, wale dagaa wa ziwani. Yakishapata jua la kutosha, yaliimba tena kidogo. Kuyaanika ilikuwa kazi yangu, pamoja na kufukuza kuku kwenye nafaka ya wimbi.

Mwaka mmoja mpaka wa Uganda ukawa mgumu kuvuka. Kaka yake nyanya aliishi ng'ambo, upande wa Tororo, na tangu mavuno hatukujua kama yu mzima. Nyanya alinunua kadi ya salamu, nikamwandikia jina lake na la kaka yake, akaituma kwa kipindi cha kantri, kwa kuwa kaka yake naye hakukikosa. "Redio haisimamishwi mpakani," alisema. Kila Jumapili alijifunga kitambaa kizuri cha kichwa, akasogeza sikio, akangoja.

Na mimi? Katikati ya wiki, nyanya akienda sokoni, niliichukua redio nikajificha nayo kwenye mihogo. Nililitafuta gitaa lile katika kila stesheni, hata za Uganda. Jumamosi niliyaanika mawe, lakini kulikuwa na mawingu.

Jumapili hiyo mtangazaji akasema, "Salamu zifuatazo zinatoka Amukura..." Redio ikakohoa, ikanyamaza.

Nyanya aliipiga kofi. Akaitikisa. Kisha akanigeukia. "Nani amemaliza mawe?"

"Ni mabovu, nyanya. Ya dukani yalikuwa mabovu."

Hapo ndipo nilipokosea. Kumaliza mawe ulikuwa utoto. Uongo ule niliuchagua.

Nyanya alitoka mbio hadi dukani, sisi sote nyuma yake. Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu, mpole sana, aliyepita kando ya shamba letu kila siku na baiskeli yake ya mizigo.

"Wewe mzee! Na kuswali kote huko, unaniuzia mawe ya uongo?"

Watu walijaa mlangoni. Mzee alinitazama, si nyanya, mimi. Akanitazama vya kutosha.

"Pole, mama," akasema. "Mawe ya siku hizi yana miguu. Yanapenda kutembea kwenye mihogo."

Umati ukaangua kicheko, nyanya akacheka pia bila kujua anacheka nini. Mzee akampa mawe mapya manne, bure. Mimi ndiye niliyeyabeba hadi nyumbani.

Tulipoyatia kwenye redio, kipindi kilikuwa kimekwisha. Lakini njia nzima tulipokuwa tukirudi watu walikuwa wametoka majumbani wakipaza sauti: "Mama, umesomwa! Umesomwa!" Na Alhamisi kaka yake akatokea, mkungu wa ndizi kichwani, akaingia uani akiigiza sauti ya mtangazaji neno kwa neno. Nyanya alipiga vigelegele, akamwamuru arudie. Akarudia. Hata mama mfinyanzi alikuja kusikia, na kesho yake akaja tena. Ndizi tulikula siku tatu.

Katika furaha ile nilijiambia: kesho nitamwambia mzee wa duka ukweli. Nikaenda sekondari, nikamaliza, bado nikisema kesho. Akafariki. Nyanya naye ametangulia. Pale palipokuwa duka sasa panauzwa simu, na sijaona tena mawe yakiota jua juu ya bati, wala watu wanaongoja wiki nzima kwa ajili ya gitaa la saa moja.

Pale kibandani, mtangazaji alikuwa akipokea salamu kwa simu. Nikapiga.

"Salamu ziende kwa nani, mzee wangu?"

"Kwa mzee wa duka, Amukura. Mwambie mawe yake yalikuwa mazima. Mwongo ni mimi."

"Sawa kabisa! Na yeye anatusikiliza kutoka wapi?"

"Mbali," nikamwambia. "Lakini wewe soma tu. Redio haisimamishwi mpakani."