Kikombe cha Chachu

Pilipili ya mama iliisha siku ya mazishi yake, na walioimaliza waliisifia. Hilo la kusifia ndilo lililonikaa kooni. Wangeila wakanyamaza, ningewasamehe mapema. Lakini nilikuwa nimeketi kwenye mkeka sebuleni kwetu Voi, leso kichwani, nikimsikia mzee mmoja wa kanisa chini ya hema akisema kwamba hii ina embe ndani, utamu unatangulia halafu ndio moto unafuata. Mwingine akaomba aongezewe. Siku ile maneno yalinipita tu. Nilikuja kuyaelewa wiki mbili baadaye, nilipoingia jikoni nikaikuta chupa yake ya pilipili imeoshwa, imefunikwa kichwa chini kwenye kichanja cha vyombo, inang'aa.

Ilikuwa chupa kubwa ya kioo, ya mdomo mpana, iliyowahi kuwekewa peremende dukani. Mama alizaliwa Werugha, kwenye ukungu na mboga, akaolewa huku chini kwenye joto, na pilipili yake ilikuwa ya pande zote mbili. Maembe yalikuwa ya huku. Karakara, yaani pasheni, zilitoka kwao mlimani, zile zinazokunjamana ngozi zikiiva. Alikata maembe yaliyoiva lakini bado magumu kidogo, akayachanganya na pilipili mbuzi, kitunguu saumu, tangawizi na chumvi, akakamulia karakara, kisha akamimina juu yake kikombe kimoja cha pilipili iliyotangulia. Kikombe hicho alikiita chachu. Chupa ilikaa kando ya pipa la unga karibu wiki nzima ikitoa povu, na kila asubuhi alilegeza kifuniko hewa itoke. Halafu aliisaga kwenye blenda, na kabla mtu yeyote hajaonja, alichota kikombe cha chachu akakificha kwa ajili ya mara nyingine.

Kikombe hicho hakikuliwa na mtu. Baba akiuliza mezani kama pilipili imebaki, na kikombe kimo kabatini, jibu lilikuwa haipo. Ilikuwa hivyo tangu kabla sijazaliwa, kikombe kikizaa chupa na chupa ikizaa kikombe. Mama alipougua hakuwa na nguvu za kusaga nyingine. Kilichobaki ni ile chupa, haikufika hata nusu, na chachu ilikuwa humo humo ndani. Watu wa matanga waliichanganya na nyanya na vitunguu ili iwafikie wote.

Kwetu mfiwa hagusi jiko. Wanawake wa ukoo huingia, hufungua kabati, hutoa kila kilichomo, kwa sababu ni aibu mtu kuondoka na njaa kwenye nyumba yenye chakula. Desturi hiyo naijua. Nimefungua kabati za watu mimi mwenyewe na kukaanga mayai ya kuku nisiowajua. Lakini aliyesimamia jiko letu siku ile alikuwa mama mdogo, ndugu ya mama wa tumbo moja, aliyeteremka kutoka Werugha. Mtu baki ningemwelewa. Mama mdogo alikua akikiona kikombe hicho kikifichwa. Aliijua chachu kuliko mimi.

Nilimpigia simu nikiwa bado nimeishika chupa. Nilimwambia amemzika mama mara mbili. Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki hapa, kwa kuwa nina watoto wanaojua kusoma. Hakujitetea. Alisema, "Pole, mwanangu," na upole huo ukanichoma zaidi, nikakata simu. Kaka yangu alicheka niliposimulia. Akaniuliza pilipili iliyoliwa na wengine inaniwasha mimi kwa nini, na akanishauri ninunue ya dukani. Naye pia sikuongea naye kwa mwezi mzima.

Basi nikaanza kutengeneza kwa hasira, katika chupa nyingine, ile ya mama nikaiweka kando. Nilitaka kuwaonyesha, ingawa sijui nilitaka kumwonyesha nani. Chupa ya kwanza ilishika ukungu mweupe siku ya nne, kwa joto la Voi na chumvi haba. Ya pili nilizidisha chumvi, ikalala kama maji ya bahari, haikutoa hata povu moja. Ya tatu nilisahau kulegeza kifuniko. Ilipasuka Jumapili asubuhi tukijiandaa kwenda kanisani, na maembe yakaruka mpaka kwenye kalenda ukutani. Nikapiga magoti kupangusa sakafu, nikajigusa jicho kwa mkono wa pilipili, nikalia kwa sababu mbili kwa wakati mmoja.

Hapo nikamkasirikia na mama. Hakuna aliponiandikia chochote. Nilipokuwa nikimuuliza chumvi kiasi gani, alisema mkono utaniambia. Mkono wangu haukuniambia kitu. Kwa miaka yote ile alijua kuficha kikombe, lakini hakuona haja ya kumfundisha mtu namna ya kuanza bila kikombe. Labda hata yeye hakujua. Labda alikuta chachu kwa mama yake, naye kwa mama yake. Wazo hilo halikunituliza. Lilinizidishia uchungu, maana lilimaanisha kilichopotea hakitengenezeki tena.

Miezi yote hiyo mama mdogo hakuacha kuniletea karakara. Alimpa mtu yeyote aliyekuwa akiteremka kutoka mlimani, ndani ya mfuko uliofungwa fundo lake la mara mbili, na ujumbe kwamba ananisalimu. Sikujibu salamu. Karakara nilizigawa kwa majirani zikiwa kwenye mfuko ule ule, fundo halijafunguliwa. Nilitaka asikie kwamba nimezigawa, na nina hakika alisikia. Mfuko mwingine ulikuja wiki iliyofuata.

Mwaka ulipokaribia kutimia, tukaanza kupanga ibada ya ukumbusho, na binamu yangu akatuma kwenye kundi la familia video alizochukua kwa simu siku ya mazishi. Nilizifungua nikipepeta mchele. Nyingi zilikuwa za watu wakiimba. Moja ilikuwa ya sebuleni. Nilijiona nimeketi nimeegemea ukuta, nimetoa macho, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Mama mdogo aliingia ameishika ile chupa kwa mikono miwili. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Na hii, mwanangu? Hii si ndiyo yenye chachu ya mama yako? Niifiche?"

Na sauti yangu, kavu, bila hata kumtazama: "Toeni. Toeni yote. Nani ataila tena?"

Mama mdogo alibaki ameinama. Aliuliza mara ya pili, na mimi nikaisukuma chupa kwa kiganja. Ndipo akainuka akaenda nayo jikoni, polepole.

Niliitazama video hiyo mpaka chaji ikaisha. Sikumbuki kusema maneno yale. Hata sasa, nikijua kila neno, sikumbuki. Msiniambie hasira hasara. Hasara niliileta nikiwa sina hata hasira, nikiwa mtupu, na hasira ikaja baadaye kutafuta wa kumpiga.

Ungedhani nilikwenda Werugha kuomba msamaha. Nilikwenda nikiwa nimefura. Nilibeba maembe na pilipili mbuzi kwenye kikapu, na ile chupa nimeifunga kwa kanga. Nilimkuta mama mdogo akimkatia ng'ombe wake majani kwenye ngazi za shamba, sweta limeloa umande, na kabla sijamwamkia nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Mwaka mzima ananiacha namtukana kwa watu, ananiletea matunda kama mkosaji, na simu anayo.

Aliweka panga chini. Akaniambia nimwamkie kwanza. Nikamwamkia.

"Mtu aliyefiwa lazima amkasirikie mtu," akasema. "Wewe ungemkasirikia nani? Nikaona afadhali mimi. Mimi niko mbali, na huku kuna baridi."

Nilikasirika tena. Nilimwambia hana haki ya kunibebea kosa langu bila kuniuliza, kwamba amenifanya mjinga mbele ya ukoo wote. Alikubali kwa kichwa kila nilichosema, akanipeleka jikoni, akanipa kisu. Nikaendelea kugomba huku namenya maembe. Yeye alichuma karakara, akazikata, akazikamua kwa kitambaa. Nilipoishiwa maneno nilikuwa na bakuli limejaa, na shingo inaniuma. Nikasema nisamehe, mama mdogo. Akasema chumvi bado.

Nikamuuliza chumvi kiasi gani, nikihofia nisije nikaambiwa habari za mkono. Alifikiri. Akasema wao hawakuwahi kuanza bila kikombe, kwa hiyo tutakosea, na tukikosea nirudi tena. Akatia konzi moja, akanitazama, akaongeza nusu.

Chupa niliiacha kwake, na kwa baridi ya kule povu lilichelewa. Alinipigia simu siku ya tisa kusema chupa inapumua, na baada ya siku nyingine tatu nikapanda tena mlimani. Tuliitwanga kwa zamu kwenye kinu, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, milango wazi na sote wawili tunapiga chafya. Ilitoka ya rangi ya kutu. Nyumba ikanuka embe, saumu na moshi.

Nilichovya kijiko ili nionje. Mama mdogo akanishika mkono. Alichukua kikombe cha bati, akachota kwanza, akakifunika kwa sahani, ndipo akaniruhusu. Nilionja, naye akaonja. Ilikuwa na uchachu mno, karakara zimezidi, na moto wake ulikuja mapema kabla ya utamu.

Nikasema si ya mama. Mama mdogo akalamba kijiko, akasema si yake.

Nilitaka kulia na nilitaka kuvunja kitu. Bado nataka. Kila nikiandaa ugali namkumbuka yule mzee wa kanisa na sahani yake, na naumia upya, ingawa sasa najua nani alimpakulia. Mama mdogo hakuningoja nimalize kusikitika. Alinipa kikombe kile mkononi, akakibana kwa vidole vyangu.

"Kaifiche hii. Usinionyeshe ni wapi. Na siku nikifa, wakikuuliza kama kuna pilipili, sema haipo."