Kufuli la Friji la Mtambuuni

"Bi Mwatum, kama mtu akijifungua kila kitu hufunguliwa, mbona hili friji umelitia kufuli?"

Nahla aliuliza hivyo akiwa na miaka sita, miguu ikining'inia kwenye benchi la hospitali ndogo ya Mtambuuni, siku bibi yake alipokuja kupimwa presha. Bi Mwatum alikuwa akipiga deki. Mikono yake ikasimama. Alimtazama mtoto, akamtazama na bibi wa mtoto, Bimkubwa, aliyekuwa akisinzia kichwa ukutani, kisha akasema kwamba paka wa Mtambuuni wana mikono kama watu. Akaendelea kupiga deki pale pale alipokwisha kupasafisha.

Mtambuuni nzima inamjua Bi Mwatum. Mzaliwa wa Kisiwa Panza, akaletwa kaskazini na ndoa, mume akafa, yeye akabaki na fagio la hospitali. Si nesi wala mkunga. Ni mhudumu: hufua mashuka, huchota maji maji yakikatika, huwashika mkono wanaoogopa sindano, na wako wanaume wazima waliolia mikononi mwake ambao leo wakikutana naye sokoni Konde hujifanya hawamwoni. Hospitali yenyewe si kubwa. Ina dirisha la dawa, chumba cha kupimia malaria, kliniki ya watoto na ya presha, na wodi ya wazazi ambayo bati lake huvuja upande wa kibla. Lakini ndiyo iliyopo, na anayeumwa sana hupelekwa Wete kwa gari ya wagonjwa, ikiwa ina mafuta.

Zamani wanawake wa huko walikuwa hawaji kuzalia hapo. Walijifungulia majumbani, na wengine walizikwa kutoka humo humo. Si kwamba walikuwa hawaitaki dawa. Waliogopa makomeo. Kila mtu anajua kwamba mwanamke akiwa na uchungu, kilichofungwa karibu yake humfunga na yeye. Kwa hiyo nywele hufumuliwa, fundo la kanga hulegezwa, sanduku hufunguliwa, hata sufuria huondolewa kifuniko. Sasa hospitali ina makabati ya kufuli na milango ya vitasa kila upande, nani atamweka bintiye humo?

Bi Mwatum ndiye aliyelimaliza hilo. Akiingia mwenye uchungu, yeye alianza kuzunguka, akifungua madirisha, makabati ya mashuka, droo, mpaka kopo la sukari la manesi. Nesi Asma, mkubwa wa wodi wakati huo, alimcheka, akamwambia kilichobaki ni kuezua paa. Lakini aliona vitanda vinajaa, akanyamaza. Wanawake wakampa jina, Bi Mwatum Fungua, na wengine walisema wasipomkuta zamu hiyo wanarudi kwao.

Ndivyo alivyokuja Zulekha, mama yake Nahla, akisindikizwa na mama mkwe wake Bimkubwa. Wakwe wengine huwa na maneno. Hawa wawili walikuwa wakipakua sahani moja, na Bimkubwa akisema Mungu alimnyima binti wa kumzaa akampa wa kuletewa na mwanawe. Lilikuwa joto la kaskazi. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri na friji la dawa, lililokuwa nyuma ya pazia pembeni mwa wodi, lilikuwa kimya. Nesi Asma alikwisha kuonya kwamba umeme ukikatika friji lisiguswe, baridi iliyomo italinda dawa. Bi Mwatum aliyasikia hayo. Bimkubwa hakuyasikia. Alikuwa bado njiani na Zulekha, beseni la nguo kichwani.

Uchungu wa Zulekha ukaja ukaenda, ukaja ukaenda. Jioni Bi Mwatum akitoka mbio na ndoo zake alimwambia Bimkubwa neno alilowaambia mama wakwe wote, kwamba azunguke humo ndani, chenye mlango akifungue, asibakishe kitu.

Bimkubwa hakubakisha kitu.

Kesho yake umeme ulikuwa bado haujarudi. Joto lilikuwa limelala juu ya bati kama mtu mzito. Baada ya alasiri Nahla alizaliwa, mzima, anapiga kelele, na vigelegele vikatoka mpaka barazani. Bimkubwa alikuwa amemkumbatia mtoto nje, akimwonyesha watu, wakati damu ya Zulekha ilipokataa kusimama ndani. Nesi Asma alimtuma Bi Mwatum alete sindano ya kuzuia damu, upesi.

Bi Mwatum alipitisha mkono nyuma ya pazia kuvuta mlango wa friji, na mkono haukupata cha kuvuta. Mlango ulikuwa umeegemea ukuta, wazi kama ulivyoachwa tangu jana. Chini, maji yalikuwa yametuama, ya vuguvugu. Aliokota kichupa. Kilikuwa na joto la yai lililotoka kutagwa.

"Nesi," alisema kwa sauti ya chini, "friji lilikuwa wazi."

Asma alimtazama mara moja tu. Hakuuliza nani. Kichupa kingine hapakuwa nacho, ila vile vile vya humo humo. Akamdunga, akamdunga tena, na damu haikusikia. Gari ya wagonjwa ilipotoka kwenda Wete, Zulekha alikuwa ameshika kidole cha Bi Mwatum. Kabla hawajafika alikiachia.

Pengine dawa ilikuwa imekufa. Pengine hata dawa nzima isingeishinda damu ile, hapana aliyepima. Nesi Asma aliitupa dawa yote iliyokuwamo, akanunua kufuli Konde, akatia ufunguo mkononi mwa Bi Mwatum. Mwaka uliofuata alihamishiwa Unguja. Akabaki mtu mmoja tu Mtambuuni anayejua.

Na huyo mtu akalijua na jambo la pili, lililomwondolea usingizi zaidi kuliko la kwanza. Baba wa mtoto, Talib, hakukaa. Alivuka kwenda Mombasa kutafuta, na kutafuta kwenyewe hakukuwa na mwisho. Nahla alikuwa na Bimkubwa tu. Bimkubwa naye alikuwa na Nahla, na presha, na hadithi moja.

Hadithi hiyo aliitoa popote walipokaa wanawake, kwenye kuchambua karafuu, kwenye kupika shughuli. Alieleza siku mkaza mwanawe alipofariki, na kwamba yeye hana deni, maana alifanya yote. "Hakuna nilichokibakisha miye," alisema, akihesabu kwa vidole. "Nywele nilimfumua mwenyewe. Makabati. Madirisha. Hata friji lao la dawa niliwafungulia, nikaliachia hivyo hivyo. Lakini siku ikifika imefika." Wanawake waliitikia kwamba ndiyo, imefika. Bi Mwatum kama alikuwapo alikohoa, au aliangusha ungo, au alizua habari ya mbuzi wa mtu. Watu wakaanza kumtania kwamba Bi Mwatum Fungua ana mdomo wa kufunga hadithi za wenzake.

Akajua kwamba siku moja hadithi hiyo itaangukia kwenye sikio la mtu mwenye elimu. Kila nesi mpya alipoletwa, alimwangalia kama mtu anavyoliangalia wingu. Kila Bimkubwa alipokuja kliniki, alimkalisha benchi la mbali, na akamletea maji kabla hajaanza kuzungumza. Miaka ikapita hivyo. Kufuli likashika kutu, akalipaka mafuta ya nazi.

Aliyekuja kumkamata hakuwa nesi. Skuli ilileta wasichana wake kuchanjwa, na Nahla, sasa ana miaka kumi na minne, alikuwa katika safu ya mbele, yule yule mwenye kuuliza. Alitaka kujua kwa nini chanjo imekuja ndani ya sanduku la barafu. Nesi Ridha, kijana wa Tibirinzi anayependa kufundisha, akafurahi kuulizwa. Akawaeleza kwamba dawa nyingine zikipata joto hufa, na ubaya wake ni kwamba ikifa haibadiliki rangi, utaiona maji yale yale, chupa ile ile. Akazitaja. Chanjo, alisema, na ile sindano ya kuzuia damu kwa wazazi.

Bi Mwatum alikuwa nyuma na ndoo. Alimwona Nahla akinyoosha mkono kuuliza tena, halafu mkono ukashuka wenyewe, taratibu, kabla haujafika juu. Mtoto aligeuza uso akalitazama friji. Akalitazama kufuli. Hakuuliza kitu tena asubuhi ile, na hilo ndilo lililomtisha Bi Mwatum.

Wiki nzima alimngojea. Alizoa taka, akafua, na kila kivuli cha sare ya skuli kilichopita dirishani kilimpeleka mkono kwenye ufunguo aliouvaa shingoni. Alfajiri moja alifikiri aende mwenyewe akamwambie mtoto faraghani, anyamaze. Akaona hapana: mtoto wa miaka kumi na minne, umpe mzigo kama huo, kisha umrudishe akale sahani moja na bibi yake?

Siku ya kliniki ya presha wakaja wote wawili. Nesi Ridha alimpima Bimkubwa, akakunja uso, akapima tena, akasema bibi apumzike, asitiwe fadhaa. Bimkubwa akakaa benchini. Na kwa kuwa karibu yake alikuwapo mwanamke wa kutoka Konde mwenye mimba ya kwanza, akaanza kumpa moyo, akaanza kuhesabu vidole. Nywele. Makabati. Madirisha.

Bi Mwatum aliangusha ndoo. Maji yakatapakaa mpaka miguuni mwa watu. Bimkubwa akanyanyua miguu tu, akaendelea.

"Hata friji lao la dawa."

Nahla alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake ulikuwa umepauka kama wa mtu aliyefunga. Alisema, si kwa nguvu, lakini chumba kizima kilisikia:

"Bi Mwatum, nilikuuliza zamani ukanambia paka. Hili friji lilitiwa kufuli kwa nini?"

Kidole cha Bimkubwa kilichokuwa kikihesabu kikabaki hewani. Alimgeukia mjukuu wake, akamgeukia Bi Mwatum, na katika macho yale ya kizee kitu kilikuwa kimeanza kusogea, polepole, kama mtu anayepapasa kitasa gizani. Nesi Ridha alitoa kichwa kwenye chumba chake. Mwanamke wa Konde aliacha kujipepea.

Bi Mwatum aliinama akaokota ndoo, akaisimamisha vizuri. Akavua ufunguo shingoni, akaushika kiganjani ili wauone wote.

"Kwa ajili yangu," alisema. "Bibi yako alilifungua, kweli, na miye nikalifunga papo hapo, baridi haijatoka. Halafu usiku joto likanishinda, nikalifungua mwenyewe nikatia chupa yangu ya maji, nikalisahau wazi mpaka ulipozaliwa. Ni miye, mwanangu. Bibi yako hakukosea kitu."