Uji wa Uzi Mwekundu

Walikuwepo Bi Hadija, mwenye ile nyumba ya mabinti wa shule kule Muyinga. Ustadhi Rajabu, aliyeongoza hitima. Shangazi yetu Mwajuma, aliyeshuka kutoka mlimani kwake viatu mkononi ili visichafuke. Mabinti wote wanaolala katika nyumba hiyo, mmoja wao akiwa mdogo wangu Zaituni. Majirani waliojaza mikeka mpaka mlangoni. Na mimi, Issa, fundi cherehani wa Nyamugari, Gitega, ambaye mpaka leo nikimwona mtu na kikombe cha uji naangalia upande mwingine. Nawataja wote kwa sababu nitawahitaji wote tena.

Mambo yalianza na tumbo la Zaituni. Baba alitangulia, mama akamfuata mwaka uliofuata, na mimi mkubwa nikaacha shule nikakalia cherehani ya baba. Zaituni, ambaye kichwa chake kinashika mambo kuliko changu, akapewa kitanda bure kwa Bi Hadija. Kitanda kile ndicho kilikuwa shule yake, maana bila hicho hakuna pa kulala karibu. Lakini kule kuni ni za shida, wanapika mchana tu, na daktari alishasema mtoto mwenye vidonda vya tumbo asitoke asubuhi bila kitu tumboni.

Hapa Gitega kuna duka linaloleta vipakiti vya uji wa shayiri kutoka nje: unamimina maji ya moto, unakoroga, unakunywa. Nilishika kimoja, nikauliza bei, nikakirudisha polepole kama mtu aliyeokota yai la mwenzake. Nikajiambia, kwani humo ndani kuna nini cha ajabu? Nikanunua kopo moja kubwa la shayiri, nikaikaanga kidogo, nikaitwanga, nikachanganya na maziwa ya unga, sukari na chumvi ya kuonja, nikakata karatasi za madaftari yangu ya zamani (yalikuwa na hesabu nilizokosa, angalau sasa zilifaa kitu), na kwa kuwa mimi ni fundi sikutumia gundi, nilishona kila kipakiti kwa cherehani, uzi mwekundu, mshono mmoja chini na mmoja juu. Wenzake Zaituni waliviita vishati vya uji. Muhula mzima alikunywa, na hakulalamika tumbo hata siku moja.

Muhula wa pili sukari ikapotea madukani. Nilizunguka mpaka Musinzira, hakuna. Basi siku moja nikapita kwa jirani yangu Mama Daniela, muuza unga, nikaona beseni la unga mwekundumwekundu, nikachovya kidole. Mtamu!

"Mama Daniela, hii iko nini?"

"Amamera hiyo. Mtama tunauloweka, unaota, tunauanika, tunausaga. Yaani we hujui?"

"Unafaa uji?"

"Unafaa, ukiupika." Akanitazama. "Utaupika, si ndiyo?"

"Sasa nitaula mbichi mimi, nimekuwa kuku?" nikamjibu, kwa ujeuri wa mtu asiyetaka kuonekana hajui.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Mama Daniela anatengeneza impeke, pombe ya mtama, na unga ule mbichi ndio unaoichachusha. Katika nyumba yake hata mtoto wa miaka mitano anajua. Kwetu pombe haijawahi kuvuka kizingiti, kwa hiyo mimi, niliyekulia hatua ishirini kutoka kwenye mtungi wake, nilikuwa sijui kitu. Nikautia badala ya sukari, nikajaribu kipakiti kimoja nyumbani, maji ya moto, nikanywa hapo hapo. Mtamu kabisa. Nikajiona nina akili.

Haukupita muda Bi Hadija akapiga simu. "Issa mwanangu, hitima ya wazazi wa mabinti hawa ni Jumamosi. Chai haiwezekani, sukari hakuna. Zaituni anasema uji wako hautaki sukari."

Hitima ile husomwa mara moja kwa mwaka, na baba na mama yangu walikuwa miongoni mwa wanaosomewa. Ningekataaje? Nilishona vipakiti mpaka vidole vikaota malengelenge, nikapeleka katoni kwenye basi la Alhamisi. Zaituni akapiga: "Kaka, sufuria hazitoshi kuchemshia watu wote kwa mara moja." Nikamwambia, kama mtaalamu, "Changanyeni Ijumaa na maji ya uvuguvugu, mfunge vizuri kwenye mabidoni, yale madumu ya maji. Utalainika wenyewe."

Jumamosi alasiri niliketi karibu na Ustadhi, kanzu imepigwa pasi, watu wananipa mkono kwa ajili ya uji ambao hawajaonja. Kisomo kilienda vizuri. Ikabaki dua ya kufunga tu, na Bi Hadija akasema wenye kikohozi walowanishe koo kwanza. Mabinti wakaleta mabidoni. Yalikuwa yamevimba matumbo. Wa kwanza akafungua kifuniko, kikaruka mpaka darini, na povu likamwagika kwenye mkeka.

"Maziwa hayo," nikasema haraka. "Maziwa ya unga yana povu."

Ustadhi akapiga funda moja, akabaki nalo mdomoni. Mzee mmoja nyuma yake, aliyewahi kuishi maisha mengine kabla ya kutubu, akanusa kikombe akasema kwa sauti ya upole, "Jamani, hii ni impeke. Tena nzuri."

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasimama nikasema ni uji, nauona kila siku, nikanywa kikombe kizima mbele ya watu ili kuwathibitishia, na nilipomaliza nikatoa mbweu moja ndefu kama ya ng'ombe. Mabinti wakaangua kicheko, wakaziba midomo kwa mitandio. Shangazi Mwajuma akafunika uso. Ustadhi akatoka nje kusukutua, akafuatwa na nusu ya watu, na dua ya kufunga haikusomwa.

Bi Hadija akaokota karatasi moja yenye uzi mwekundu. "Nani alifanya hivi? Siku ya wazazi wa watoto hawa?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema. Lakini niliona zile nyuso, nikafikiria wateja, nikafikiria Gitega wataambiwaje, na katika kufikiria huko Zaituni akasimama.

"Ni mimi, Bi. Niliuchanganya vibaya. Kaka aliniambia nichemshe, sikusikia."

Mbweu ilitoka bila kuitwa, lakini neno moja lilinishinda.

Wazee wanaoilisha nyumba ile walisema binti aliyeleta pombe kwenye hitima asilale pale. Jioni hiyo hiyo alibeba godoro lake kwenda kwa shangazi, mlimani, saa moja na nusu kwa miguu mpaka shuleni. Njiani nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi nikiaibika natembea tu. Wewe ukiaibika, nani atakuletea nguo za kushona?"

Asubuhi nilirudi kwa Bi Hadija peke yangu, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nakuamini," akasema. "Lakini wao walimsikia Zaituni, wewe hawakukusikia. Njoo useme mbele ya hao hao, siku ya hitima. Hapo nitakuwa na la kuwajibu wazee kuhusu kitanda."

Bado nashona vipakiti. Shayiri, maziwa, chumvi, na sukari ikipatikana. Naandika kila kilichomo juu ya karatasi, na siongezi kitu nisichokijua bila kuuliza mpaka mwisho, hata nikichekwa. Zaituni anakunywa alfajiri kabla ya kushuka mlima. Hajawahi kunikumbusha.

Hitima ijayo bado miezi saba. Dua ya wazazi wetu haijafungwa, na maneno ninayodaiwa ni mawili tu: ni mimi.