Mpunga wa Buluu

Nimewahi kubishana na televisheni mbele ya wakwe wa dada yangu, na televisheni ikanishinda. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimetumia kitu. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu na kanzu iliyopigwa pasi, na walioshuhudia ni wengi mno, kwa hiyo kukana siwezi. Ukifika Mtawanya leo ukauliza nyumba ya Athumani, watoto watakuuliza kwanza, "Athumani yule wa bata?" Basi ni heri niieleze mwenyewe, tena kwa mpangilio, kabla hamjaisikia kwa Bi Tatu, wifi yake dada, ambaye akiisimulia huitia chumvi mpaka hailiki.

Nianzie mbali kidogo. Miaka ile ya ruksa, wafanyabiashara walipoanza kuingiza kila kitu, viatu, redio, mitumba, mtu mmoja wa Kibiti alifungua banda la video nyuma ya soko: kuta za udongo, paa la makuti, jenereta moja yenye kikohozi na televisheni ndogo isiyokuwa na rangi. Sisi watoto wa Mtawanya tulikwenda kwa miguu kila Jumamosi mchana kutazama katuni, na ninaposema katuni nina maana moja tu, kwa sababu kanda ya katuni ilikuwa moja. Ilikuwa ya bata mnene mwenye kofia. Lugha aliyosema hatukuijua (wengine walidai Kiingereza, wengine Kijerumani), lakini haikutusumbua, kwa kuwa pembeni ya televisheni alisimama mkalimani wa banda, Bwana Mfaume, na fimbo yake mkononi, akitufasiria kila neno.

Kwa mujibu wa Bwana Mfaume, bata yule aliitwa Mzee Mpunga, na alikuwa mkulima. Alikaa juu ya dungu. Kwa asiyejua, dungu ni kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu wa bonde la Rufiji hukaa wakati wa kulinda mpunga usiliwe na ndege na wanyama. La Mzee Mpunga lilikuwa refu sana na la mawe, lakini Bwana Mfaume alitwambia kuwa huko kwao wamejaliwa. Kulizunguka dungu, shamba lilienea mpaka mwisho wa kioo, likipepea kwa upepo, juu chini, juu chini, kama mpunga uliokaribia kuvunwa. Mara katikati ya shamba vikaibuka vichwa vikubwa vyenye masharubu, na Bwana Mfaume akapiga fimbo chini na kupaza sauti, "Viboko haooo!" Hapo banda zima tulipiga madebe, mabati, mabenchi, chochote, kama tulivyofanya mashambani kwetu viboko wanapokuja kweli, na tulirudi nyumbani bila sauti. Sijapata kuona televisheni tamu kama ile, na nimeona nyingi.

Sasa njooni huku karibu. Miaka imepita, dada Mwajuma ana mtoto anayetoka jando, na miye ndiye mjomba. Shughuli ya namna hii mjomba hawezi kukaa pembeni akala pilau tu. Ni lazima aonekane amefanya jambo. Dada alishafanya mpango wa kuita ngoma kutoka kijiji cha jirani. Wiki ileile binamu yangu wa Dar es Salaam akanitumia sidii, na ujumbe kwamba yule bata wetu wa utotoni ameundwa upya, ana rangi, na safari hii anasema Kiswahili. Nilipoona kofia ile kwenye kasha moyo uliruka kama wa mtoto. Nikaenda mbio kwa dada.

"Dada, ngoma acha. Miye naleta televisheni kubwa, spika, jenereta, kila kitu. Mzee Mpunga amerudi."

"Athumani," akasema, "wakwe zangu wa Dimani wanakuja wote. Hawa wakikuta shughuli imepooza nitaimbwa mpaka nizeeke. Unamjua Bi Tatu weye, au humjui?"

"Namjua. Niachie miye."

Akaniachia. Ngoma ikaambiwa isije.

Na hapa ndipo ulipo uamuzi wenyewe, mdogo kama punje. Nilikuwa na sidii, nilikuwa na deki, nilikuwa na siku nzima ya kuitazama kwanza. Sikuitazama. Nilitaka utamu ule niuonje mbele ya watu, pamoja na wenzangu wa banda la Kibiti ambao sasa nao ni baba na mama za watu. Hata nailoni ya kasha sikuichana.

Siku ikafika. Mpwa wangu ameketi kwenye kiti cha heshima na kofia mpya, wakwe wa Dimani wamejaa mkekani chini ya turubai, pilau limeshaliwa, na Bi Tatu yuko mstari wa mbele na kitenge chake, amekunja mikono kama hakimu. Nikasimama nikatoa hotuba. Nikawaeleza wasioijua habari ya Mzee Mpunga, dungu lake, shamba lake na viboko wake, nikasema kwamba leo mtauona mpunga ule kwa rangi yake, kijani kibichi, mtadhani mko shambani. Wenzangu wa banda wakapiga makofi. Nikabonyeza.

Kioo kikawa buluu. Buluu tupu, huku mpaka kule, juu chini, juu chini.

Bi Tatu akainua shingo: "Shemeji, mpunga wenu mnautia buluu ya kufulia?"

Dimani nzima ikaangua kicheko. Nikasema rangi zimekorogeka, zitakaa sawa. Hazikukaa. Bata akatokea, naye amepunguzwa unene, amelainishwa na kung'arishwa kama sahani ya plastiki, kofia tu ndiyo ya zamani, akasimama juu ya dungu lake na kusema kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, "Mimi ni mlinzi wa mnara wa taa, na bahari hii ndiyo nyumba yangu."

Ndugu zangu, mtu anaweza kukaa na jambo moyoni tangu utotoni, likawa sehemu ya akili yake kama jina la mama yake, halafu likaja kukanushwa na bata. Sikuweza kuvumilia. Nikainuka, nikanyoosha kidole kwenye kioo.

"Mwongo! Huyo ni mkulima! Na hilo ni dungu!"

"Hawa ni sili, rafiki zangu wa baharini," akaendelea bata, akionyesha viboko wetu.

"Sili gani? Viboko hao!"

Bata akageuka, akatazama mbele, machoni pangu kabisa, akauliza, "Nani anapiga kelele hapo nje?"

Na miye (Mungu anisamehe, sijui ulimi uliponyokaje) nikajibu, "Miye, Athumani!"

Sitaeleza kicheko kile. Kuna mzee wa Dimani alilala mkekani kifudifudi. Mpwa wangu mwenyewe, mwenye shughuli, alifunika uso kwa kofia. Nikarudi nyuma kwa haya, mguu ukanasa kwenye waya wa spika, kanzu ikachanika mpaka pajani, waya ukang'oka, na sauti ikafa. Picha ikabaki inacheza peke yake: bata anafungua mdomo na kufunga, halitoki neno.

Bi Tatu akasimama, akajifunga kitenge. "Televisheni imekata kauli. Dimani, tuondokeni kabla hatujaambiwa tuzike."

Nao wakaanza kuinuka kweli, mmoja mmoja, wakikung'uta nguo. Nikamtafuta dada kwa macho. Alikuwa mlangoni kwa jikoni na upawa mkononi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Athumani," akasema, "ngoma niliiacha kwa neno lako."

Basi. Nilikuwa sina ngoma, sina sauti, nina nusu kanzu. Kilichobaki ni picha, na nikaukumbuka ule upande wa televisheni alikokuwa akisimama Bwana Mfaume. Nikauchukua upawa mkononi mwa dada, nikasimama upande uleule, nikagonga meza.

"Kaeni chini! Nani kawaambia hii ni bahari? Haya ni mafuriko! Masika imekuwa kubwa, mto umevunja kingo, bonde lote limefunikwa, mpunga uko chini ya maji, na mzee yuko juu ya dungu anangoja yashuke!"

Waliokuwa wameinuka wakasita. Hakuna mtu wa huku utakayemweleza mafuriko asikuelewe. Kila mmoja pale alikuwa na masika yake aliyolala dunguni maji yakipita chini. Mzee aliyelala kifudifudi akasema, "Hapo sawa." Kwenye kioo ikatokea meli inayumba.

"Chombo kile mnakionaje? Kimebeba wakwe! Wanatoka Dimani! Wamesikia kuna pilau, hata nazi moja hawakubeba!"

Mtawanya ikapiga yowe. Sili wakaonekana wamejilaza juu ya mawe, matumbo juu.

"Na wale pale ni mashemeji, wameshashiba, wanatafuta pa kulala!"

"Shemeji, shika adabu yako!" Bi Tatu akapaza sauti, lakini alikuwa amekwisha kukaa. "Huyo mwenye tumbo kubwa kabisa ni weye, kanzu tu haionekani!"

"Kanzu yangu nimempa bata, hana nguo ya harusi!"

Tukajibizana hivyo, yeye neno miye neno, picha ikitufuata au sisi tukiifuata, sijui, mpaka vile vichwa vyenye masharubu vilipozama majini na kuibuka tena vyote kwa pamoja chini ya mnara. Sikufikiri. Nikapiga upawa mezani na kupaza sauti kwa nguvu zote, "Viboko haooo!"

Wale wenzangu wa banda, baba za watu na mama za watu, waliinuka kama waliochomwa. Debe la maji likapigwa, bati la banda la kuku likapigwa, masinia yakapigwa. Halafu akina mama wa Dimani, ambao banda la Kibiti hawakulifahamu lakini viboko wanawafahamu, wakaingia na mifuniko ya sufuria. Kwanza zilikuwa kelele tu, kisha mtu mmoja akaliweka debe kwenye mapigo, mwingine akamfuata, vigelegele vikapanda, na Bi Tatu akatoka katikati, akamshika mpwa wangu mkono na kuanza kumchezesha. Ikawa ngoma. Ilichezwa mpaka jenereta ikaishiwa mafuta na kioo kikazima, na aliyeona kimezima hakuwepo. Dada alinipita na sinia lake kichwani, akanifinya shavu kama nilipokuwa mdogo, akaendelea kucheza.

Sitajidai. Ushindi ule niliushinda na paja liko nje. Nimeapa, na nyinyi mashahidi, kwamba sitawaahidi watu tena kitu ambacho sijakitazama kwa macho yangu, na kwamba mambo ya utotoni nitayapenda nikiwa peke yangu, mlango umefungwa. Mwisho wa sidii ile sijauona mpaka leo, wala sina hamu ya kusikia bata anasema nini zaidi.

Tatizo ni kwamba wiki iliyopita alikuja kijana wa bodaboda kutoka Dimani na salamu za Bi Tatu. Mwanawe anatoka jando mwezi ujao. Salamu zenyewe zilikuwa fupi: "Mwambie shemeji aje na televisheni yake, spika asilete. Ngoma sisi hatukuita."

Kijana aliuliza arudi na jibu gani. Nikamwambia anywe maji kwanza.